Mtu Mzima Juu ya Dungu

Dada yangu, kama unatokwa na damu siku kumi kila mwezi, na ukiulizwa unajibu kwamba hali ni nzuri, kaa hapa kidogo. Mimi nilijibu hivyo miaka mitatu. Nilimjibu mume wangu, nikamjibu katekista, nikamjibu hadi kijana wa zahanati aliyekuja na karatasi ya maswali. Ningeendelea kujibu hivyo mpaka watu wale wali wa matanga yangu. Leo nimepona, nimepalilia shamba langu kwa mikono hii hii, na ndiyo maana nina kiburi cha kuandika.

Naitwa Felista, watu huniita mama Anitha. Tunakaa upande wa Idete, tunalima mpunga. Msimu ukianza nyumba ya kijijini tunaifunga, tunahamia bondeni na sufuria, vyandarua na kuku wetu, tunakaa huko shambani mpaka tuvune. Tunaishi na mama mkwe wangu, Bibi Leokadia, mwanamke ambaye ujanani aliwahi kuvuna akiwa na mimba ya miezi minane, na hajaacha kutukumbusha.

Ugonjwa wangu haukuja kwa kishindo. Baada ya kumzaa Deo, mtoto wangu wa tatu, hedhi ilirudi ikiwa ndefu. Siku nne zikawa saba, saba zikawa kumi. Damu ilitoka kwa mabonge. Niliacha kuvaa nguo za rangi nyepesi, nikawa mtu wa kanga nyeusi. Kanisani nilihamia benchi la mwisho, karibu na mlango, ili wakati wa kusimama pasiwe na mtu nyuma yangu. Mwili wenyewe ulianza kugeuka. Kucha zilibonyea katikati. Moyo ulikuwa unanipigia masikioni, nikipanda ngazi mbili tu za kanisa nausikia. Viganja vyangu vilipauka, nikawa nakunja ngumi ili watu wasivione.

Halafu kuna jambo ambalo nalisema leo bila aibu. Nilikuwa natafuna mchele mbichi. Nikiwa na hamu hiyo ungeniwekea wali wa nazi na kuku, ningeuacha nifuate gunia. Na mama mkwe, kama vile amejua, kila jioni alikuwa ananiletea sinia la mchele. "Chambua wewe, umekaa tu," alikuwa anasema. Sinia lilifika kwangu limejaa na likarudi jikoni limepungua. Basi maneno yakawa mawili: mama Anitha ni mvivu, na mama Anitha anakula mchele wa watu.

Neno mvivu liliniuma kuliko tumbo. Nililia nikiwa peke yangu, nikifua vitambaa vyangu mtoni kabla watu hawajaamka.

Sasa hiyo karatasi ya maswali. Mwaka wa tatu wa ugonjwa, kabla hatujahamia shambani, nilimpeleka Deo zahanati kwa ajili ya kikohozi. Mama mkwe alinisindikiza. Kwenye benchi la kusubiri alikuja kijana na dodoso. Alisema zahanati inataka kujua matatizo ya kiafya ya watu wa kijiji, ili wajue huduma gani ziongezwe. Jambo jema kabisa. Ila alikuwa anauliza kwa sauti ya kutangaza mpira, na benchi zima linasikiliza. Kushoto kwangu mama mkwe, kulia mzee mwenye kidonda cha mguu.

"Mama, afya yako kwa ujumla ikoje?"

"Nzuri."

"Mwezi uliopita, kuna siku ulishindwa kufanya kazi zako?"

"Hapana."

"Hedhi yako ikoje?"

Mzee wa kidonda akageuza shingo. Mama mkwe akatazama dari. "Kama ya watu wote," nikasema.

Kijana akaweka alama zake za vyema, akanishukuru, akahamia kwa mzee. Kwa karatasi ile, mimi nilikuwa mwanamke mwenye afya kuliko wote kijijini.

Ya hedhi nilidanganya, sitajitetea. Lakini ya kazi niliijibu kwa moyo mweupe, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu. Mimi sikuwahi kulala kitandani nikasema leo silimi. Kila asubuhi niliamka, na kila msimu nilikuwa na kazi yangu. Kwetu mtu akilegea hatumwambii pumzika. Tunamsogezea kazi nyepesi kimya kimya, na msimu unaofuata nyepesi zaidi, na hakuna anayekumbuka kwamba zamani alikuwa anafanya nyingine. Nami sikukumbuka.

Ikaja miezi ya kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, mpunga ukiwa unatoa maziwa. Katikati ya shamba tunasimamisha dungu, yaani jukwaa la miti, na mtu hukaa juu yake kutwa nzima kuamia ndege: anagonga debe, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele. Mwaka ule mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipanda asubuhi, nikapumzika katikati ya ngazi mara mbili, na ngazi yenyewe ina vidato sita.

Siku moja nikaona mwanamke anakuja juu ya kingo za majaruba, ameshika viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa nesi Yustina, mgeni wa mwaka mmoja pale zahanati.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu nesi, umepotea?"

"Sijapotea. Nimewafuata wagonjwa, maana zahanati imebaki na popo tu." Akapanda ngazi bila kuulizwa, akakaa karibu yangu, akatoa rundo la karatasi kwenye begi. "Hizi zimenishinda. Nimezisoma zote. Kijiji kizima hakiumwi. Halafu watu hao hao wanaletwa kwangu wamebebwa kwenye baiskeli. Kwa hiyo naanza upya, mtu mmoja mmoja, mahali alipo."

Nikagonga debe, kwelea wakaruka. Pumzi ikanikatika. Nesi akaningoja nihemee.

"Dada," akasema, "mimi nimezaliwa Masagati, kwetu pia wanalima. Juu ya dungu nimezoea kukuta watoto au vikongwe. Wewe ni yupi?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akazikunja karatasi akazirudisha kwenye begi.

"Tuache haya ya kuandika. Niambie tu kitu kimoja. Kazi gani ulikuwa unaifanya wewe, na sasa anaifanya mtu mwingine?"

Nikafungua mdomo kusema hakuna. Badala yake nikasema, "Kubeba viroba vya mavuno. Sasa anabeba baba Anitha."

"Nyingine?"

"Kupalilia. Tunaita vibarua."

"Nyingine?"

"Maji. Mama Maduhu, mke wa mfugaji jirani, akipita na mkokoteni wa ng'ombe ananishushia dumu mbili." Nikakunja kidole kingine. "Kutwanga. Kupura. Kumbeba Deo mgongoni, sasa anabebwa na dada yake." Nilikuwa nahesabu kwa vidole na vidole vikaisha. Nikashangaa mwenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nagawa maisha yangu kipande kipande, na hakuna aliyeniona nikigawa, hata mimi. Hapo nikalia. Kwelea walishuka shambani wakala walivyotaka, nami wala sikushika debe.

Nesi alinisubiri nimalize. Kisha akanivuta kope la chini kwa kidole chake, akatazama ndani. Akaniambia niufungue mdomo, akatazama ulimi. Alipouliza habari za damu, nilimwambia yote: siku, mabonge, kanga nyeusi, mchele mbichi. Juu pale tulikuwa wawili tu na ndege.

"Kesho Ifakara," akasema. "Siyo wiki ijayo. Kesho. Na usiende kwa miguu hata hatua mia."

Mama mkwe alipoambiwa, alisusa chakula. Alisema enzi zao mwanamke akitokwa na damu alikunywa dawa za mizizi na akaendelea na jembe. Mume wangu, baba Anitha, aliinuka. Alitoka nje akatafuta bodaboda, na asubuhi akapanda nyuma yangu, akanishika mabega njia nzima.

Kama hujawahi kukaa kwenye mabenchi ya hospitali kubwa kama ile ya Ifakara, nakwambia nenda na mambo matatu: kanga ya ziada, chupa ya maji, na moyo wa kuuliza. Unangoja kuandikishwa, unangoja daktari, unangoja kipimo, unangoja majibu, unarudi kwa daktari. Nilipata rafiki kwenye benchi, mama mmoja wa Uchindile aliyekuja na tatizo kama langu. Yeye ndiye alinipa pedi, akanisimamia mlangoni nilipokwenda chooni. Jina lake sikuliuliza, na ninajilaumu mpaka leo.

Majibu yakaja. Damu ilikuwa imebaki gramu nne. Daktari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alipotazama karatasi alinitazama tena usoni. "Umekuja unatembea?" akauliza. Kisha wakanipaka jeli tumboni, wakaona uvimbe kwenye kizazi. Haukuwa mmoja. Hakunificha: njia salama ni kuondoa kizazi chenyewe, na kabla ya hapo lazima niongezewe damu, la sivyo sitatoka mezani nikiwa hai.

Kwa hiyo mambo yakawa mawili, damu na ruhusa, na yote yalikuwa magumu.

Ruhusa ilikuwa yangu, daktari alisema hivyo, karatasi nitaisaini mimi. Lakini mtu unaishi na watu. Baba Anitha alitoka nje kumpigia mama yake simu. Nilikuwa namwona dirishani, anazunguka tangi la maji, anasikiliza tu. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama anasema tungoje. Anasema huenda Mungu akatupa mtoto wa kiume mwingine."

"Mama yako hajalala kitanda hiki," nikamwambia. Nilikasirika, na hasira ilinipa nguvu kidogo. "Nina watoto watatu. Nataka niwepo Anitha akiolewa. Wewe unataka nini?"

Alivua kofia. Nilimuona anakunja kofia yake, anaikunjua. "Nataka mtu wa kurudi naye nyumbani," akasema. Akamwita muuguzi alete karatasi, akanipa kalamu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mume wangu saa ile.

Damu sasa. Baba Anitha alitoa yake. Ilihitajika zaidi. Ndugu wengine simu zao zilianza kukosa mtandao. Siku ya tatu, wodini akaingia Maduhu, yule mfugaji, shuka begani na fimbo mkononi. Nilishtuka. Msimu uliopita ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wetu, na yeye na mume wangu walifikishana hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji, wakaacha kusalimiana. Lakini mkewe alikuwa amemwambia kwamba mimi, yule wa dumu mbili, nakufa.

"Mwangaluka, shemeji," akasema, kwa salamu ya kwao Usukumani. "Nimeshatoa. Wameniambia inakufaa." Akamgeukia mume wangu aliyekuwa ameduwaa. "Sasa damu yangu nayo inalima pale kwako. Ng'ombe wakipita usinifuate na panga."

"Wakipita watapigwa," mume wangu akasema, "ila taratibu." Wakacheka wote wawili, wakatoka kwenda kunywa chai.

Chupa ya kwanza ilipoingia sikuhisi kitu. Ya pili ilipofika nusu nikasikia joto kwenye vidole vya miguu. Ya tatu, ya akiba ya hospitali, ilipoisha nikamtazama mume wangu nikaona ana mvi kwenye ndevu. Zilikuwepo muda mrefu, alisema. Nilikuwa sijawahi kuziona.

Upasuaji wenyewe sina cha kusimulia, nililala nikaamka. Kilichouma ni siku ya pili, waliponiambia nitembee. Nilitembea nimejikunja hadi mlangoni, nikarudi. Siku ya tatu nikafika kwenye ngazi. Wanakuambia usicheke, kidonda kitauma, na ndipo unapokumbuka vichekesho vyote vya maisha yako. Mama Maduhu aliniletea maziwa kwenye kibuyu, akaniambia mumewe sasa anajigamba kijiji kizima kwamba ana undugu na sisi Wandamba. Nilishika tumbo nikamwomba anyamaze.

Nyumbani nilipewa wiki sita za kutobeba kitu. Hizo zilinitesa kuliko kisu. Nilikula maini, matembele na dagaa, nikameza vidonge vya kuongeza damu. Kuna siku nilihuzunika pia, nisikufiche. Nilitazama nguo za Deo alipokuwa mchanga nikajua sitazivalisha mtoto mwingine. Nililia, nikazikunja, nikampa mwanamke mwenye mimba. Huzuni ilikuja na ikapita, ikaniacha nikiwa hai.

Mama mkwe katika wiki zile hakusema sana. Alipika uji, akaniwekea, akaondoka. Jioni aliniletea sinia la mchele kama zamani. "Chambua wewe, umekaa tu." Wiki ya nne nilikuwa nachambua, nikatia punje chache mdomoni kwa mazoea, nikazitema. Ulikuwa mchele tu, mkavu, hauna utamu wowote. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu.

Mvua ziliporudi nikaanza kudai vitu vyangu kimoja kimoja. Kwanza Deo, nikamweka mgongoni ingawa alikuwa mzito na alisema yeye si mtoto. Kisha maji. Nikamsimamisha mama Maduhu njiani nikamwambia dumu zake nazibeba mwenyewe kuanzia leo, akapiga vigelegele pale pale, ng'ombe wakashtuka. Kisha palizi. Siku hiyo niliingia mstari mmoja na baba Anitha, yeye kushoto mimi kulia, nikainama, sikuinua kichwa. Nilipofika mwisho wa jaruba nikageuka. Alikuwa nyuma yangu hatua kama ishirini, amesimama, anajifuta uso, na si jasho pekee alilokuwa anafuta.

"Ongeza mwendo, baba," nikamwambia. "Wewe ndiye mgonjwa sasa?"

Kwelea walipokuja, mimi nilikuwa chini kwenye mpunga, na dungu alilipanda mama mkwe. Alidai ni zamu yake. Alikuwa na nguvu, alirusha udongo vizuri sana, ila alirusha mahali pasipo na ndege. Kwelea wakishuka kusini, yeye alipiga kaskazini. Tulicheka. Deo alimuigiza bibi yake mpaka nikamkemea.

Nesi Yustina alikuja tena msimu huo, viatu mkononi, karatasi kwenye begi. Alinikagua viganja na macho, akanipiga begani. Kisha akamsalimu mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kunywa maji.

"Shikamoo, mama. Afya yako ikoje?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kabisa. Nina uzee tu, na uzee hauna dawa."

Nesi akaandika. Kidogo tu azirudishe karatasi kwenye begi. Mimi nilisimama na fungu la magugu mkononi, na jambo likanijia ghafla, la dungu na la sinia, yote pamoja. "Nesi," nikasema, "mwulize lile swali lako."

Nesi akanitazama, akaelewa. Akakaa chini, karibu na mama mkwe. "Mama, kazi gani ulikuwa unaifanya wewe, na sasa anaifanya mtu mwingine?"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alitazama kuelekea kwangu, lakini macho yake yalitua pembeni, kama hatua moja kutoka nilipokuwa.

"Kuchambua mchele," akasema.

Miaka yote ile. Chambua wewe, umekaa tu. Kumbe hakuwa ananitukana, alikuwa anajificha, kama mimi na kanga zangu nyeusi. Alihofia tukijua haoni tutamkalisha kivulini na kumlisha kama mtoto. Nilidondosha magugu, nikamsogelea, nikamshika mkono.

"Kesho Ifakara, mama," nikamwambia. "Siyo wiki ijayo."

Nilimpeleka mimi. Bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika mabega njia nzima. Tulikaa kwenye mabenchi yale yale, na nilikuwa najua kila mlango. Walimtoa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya mavuno.

Siku walipomfungua kitambaa cha jicho la pili, tulirudi nyumbani mchana. Hakuomba chakula wala kitanda. Alikwenda moja kwa moja ukumbini, akachukua sinia nililokuwa nimeshachambua kwa ajili ya wali wa kumkaribisha, akaketi mlangoni penye mwanga, akaanza kupitisha kidole. Tulisimama wote tukimtazama. Akatoa jiwe, akaliweka sakafuni. Akatoa la pili. Akatoa la tano, akalitazama kwa karibu, akaniinulia macho, na safari hii yalinifikia usoni sawasawa.

"Mama Anitha," akasema. "Miaka mitatu yote umekuwa unatulisha haya?"